Juji anahesabu nini? Mchezo wa kupanda ukuta na konkuru zetu za Kolwezi

Wakati wa vakanse ya mwaka jana waliniita niwe mmoja wa majuji watatu kwenye konkuru moja ya kucheza, ya vijana, hapa Kolwezi. Zawadi ilikuwa kulipiwa masomo ya mwaka mzima. Nilikubali bila kuuliza mengi. Mtu wa redio, watu wanafikiri anajua kila kitu, na yeye mwenyewe anaanza kuamini vile. Vijana wakacheza, sisi watatu kila mtu akaandika poen zake kwenye karatasi, wakajumlisha, wakatangaza. Msichana moja wa Kapata alipitwa na poen moja tu. Mama yake akanikuta inje: "Papa, mutoto yangu alikosa nini?"

Sikupata jibu. Sikumpendelea mtu, na sidhani wenzangu wawili walimpendelea mtu. Shida ni kwamba hakuna aliyetuambia tunahesabu nini. Miguu? Mavazi? Kelele za watu? Kila juji alihesabu yake.

Swali la ule mama limenirudilia sasa juu ya mchezo ambao hapa kwetu tunauonea kwenye simu tu. Wasikilizaji wawili walitutumia video ya vijana wanapanda ukuta ndani ya nyumba kubwa, bila kamba, wanaanguka kwenye godoro, wanasimama, wanapanda tena. Waliuliza: pale nani anashinda, na nani anakata shauri? Nilifikiri ni jibu la dakika mbili. Kumbe ni jambo refu, na linatuhusu kuliko nilivyofikiri.

Ule mchezo Wafaransa wanauita eskalade ya bloku. Ukuta hauzidi sana metre ine. Kwenye ukuta wanafunga vishikio vya plastiki na vya mbao, vikubwa na vidogo, na kila njia ya kupanda inaitwa bloku. Kwenye fainali za dunia kuna bloku ine, na kila mtu ana dakika ine kwa kila bloku. Ukianguka, unajaribu tena mpaka saa iishe.

Sasa angalia kazi ya juji. Vishikio vya kuanzia vimetiwa alama: mikono yote miwili na miguu yote miwili lazima ikae pale sawasawa kwanza. Ukiruka bila kutulia pale, kule kupanda hakuhesabiwi. Katikati ya njia kuna kishikio kimoja kinaitwa zoni. Juu kabisa kuna topu. Ukishika topu na mikono miwili, mwili umetulia, juji ananyanyua mkono. Imekwisha. Juji haulizwi kama ulipanda vizuri, kama watu walipiga makofi, kama unapendeza. Anaulizwa mambo matatu: alianza vizuri? alishika zoni? alimaliza topu? Na anahesabu mara ngapi ulijaribu.

Tangu mwaka 2025 federasyo ya dunia imeweka hesabu rahisi. Topu ni poen 25. Ukifika zoni tu, poen 10. Kila mara umejaribu na kushindwa mbele ya kufaulu, wanatoa 0.1. Kwa bloku ine, mtu ambaye hakukosea hata mara moja anapata 100. Mtu anayekaa pale kwenye viti na kalamu na karatasi anaweza kufanya ile hesabu mwenyewe, na akipata namba ingine tofauti na ile iko kwenye ekrani, ana haki ya kuuliza.

Kuna jambo lingine ambalo mimi nililipenda sana. Wachezaji wanafungiwa fasi moja mbele ya kupanda, bila simu, kusudi wasione wenzao namna wanafanya. Kwa fainali wanatolewa pamoja, wanaangalia kila bloku dakika mbili, wanarudi ndani. Hakuna wa kwanza anayepanda bila kujua na wa mwisho anayepanda akijua yote. Kwenye konkuru yetu ya kucheza, wa mwisho alikuwa amewaona wote na alibadilisha mchezo wake pale pale. Nani alimkataza? Hakuna.

Na kama kishikio kimevunjika ao kimezunguka, mchezaji anapewa nafasi ya kujaribu tena. Kama ekipe haikubali uamuzi, inaandika ombi haraka, inaweka pesa ya dhamana, na wakubwa wa majuji wanaangalia video. Ukiwa na haki, pesa inarudi. Sisi hapa ombi letu ni kuingia kwenye kiwanja tukipiga kelele "Banatuiba!" na kumzunguka mwamuzi.

Linganisha na ngumi, mchezo ambao Wakongomani tunaupenda. Junior Ilunga Makabu alipata mkanda wa WBC pale Kinshasa mwezi wa kwanza 2020. Miaka miwili nyuma, tarehe 29 mwezi wa kwanza 2022, aliulinda kule Warren, Ohio, mbele ya Thabiso Mchunu wa Afrika ya Kusini. Walifika raundi zote 12. Majuji wawili wakamwona Makabu, wa tatu akamwona Mchunu. Sisi tulifurahi, na wao kule Afrika ya Kusini waliona wameonewa. Hakuna upande uliosema uongo: kila juji wa ngumi anatoa poen 10 kwa ule aliyeshinda raundi kufuatana na macho yake, na macho ya watu watatu hayafanani. Kwa ngumi za Olimpiki mambo yalifika mbali zaidi. Mwaka 2021 ripoti ya profesa Richard McLaren ilisema kwamba kule Rio, mwaka 2016, kuna mapigano ambayo matokeo yake yalipangwa. Mwaka 2023 federasyo ya ngumi, IBA, ilinyang'anywa kutambuliwa na Kamati ya Olimpiki. Ngumi zenyewe karibu zipoteze fasi yao.

Basi mtu atasema: tufanye kama wale wa ukuta, tuhesabu vitu vinavyoonekana, na mabishano yataisha. Hapo ndipo ninaomba tusiende mbio.

Chukua Tokyo, tarehe 5 mwezi wa munane 2021, mara ya kwanza ule mchezo uliingia Olimpiki. Waliunganisha michezo mitatu: mbio ya ukuta, bloku, na kupanda na kamba. Mshindi alikuwa nani? Walichukua nafasi ya mtu kwa kila mchezo, wakazizidisha, na namba ndogo ndiyo ilishinda. Alberto Ginés López wa Hispania alikuwa wa kwanza kwa mbio, wa saba kwa bloku, wa ine kwa kamba: 1 mara 7 mara 4, 28. Akachukua dhahabu. Adam Ondra wa Cheki, ambaye wengi wanamuita mkubwa wa mchezo huu, alikuwa wa ine, wa sita, na kwa kamba alikuwa anaongoza. Hesabu yake ilikuwa 24. Kiisha Jakob Schubert wa Austria akapanda nyuma yake mpaka juu kabisa. Ondra akawa wa pili kwa kamba. 4 mara 6 mara 2 ni 48. Akaanguka mpaka nafasi ya sita, yeye amekaa chini, hata kidole hajakitikisa.

Hakuna juji aliyekosea. Kila kitu kilihesabiwa sawasawa. Lakini ile kanuni ya kuzidisha, watu walioketi kwenye meza ndio waliichagua, na wao ndio walichagua pia, bila kujua jina lake, mtu wa aina gani atavaa dhahabu.

Hata hesabu ya leo iko na mambo yake. Tuseme Papa A amemaliza bloku mbili, moja kwa mara ya kwanza, ingine kwa mara ya tatu, na kwa zile zingine mbili hakufika hata zoni. Ana 25 na 24.8, jumla 49.8. Papa B amemaliza bloku moja tu, lakini kwa zile zingine tatu alifika zoni, zote kwa mara ya kwanza. Ana 25 na 30, jumla 55. B ameshinda. Kwa kanuni ya zamani, ambayo ilianza kwa kuhesabu topu na kiisha zoni, A ndiye angeshinda. Ukuta ni ule ule, juji ni ule ule, mikono ni ile ile. Karatasi ndiyo imebadilika. Mimi binafsi ninaona kanuni ya zamani ilikuwa karibu zaidi na roho ya mchezo, juu kumaliza ni kumaliza. Lakini mtu mwingine atasema ule aliyepigana kwenye bloku zote ine anastahili zaidi, na sina namna ya kumwambia amekosea.

Na kuna mtu wa tatu, ambaye watu wengi hawamwangalii: ule anayefunga vishikio kwenye ukuta. Kule Paris, fainali ya wanawake, tarehe 10 mwezi wa munane 2024, Ai Mori wa Japani alitoka kwenye bloku ya kwanza na poen sifuri. Urefu wake ni metre 1 na sentimetre 54. Mwanzo wa ile bloku ulimtaka aruke afike vishikio vilivyokuwa mbali na mikono yake. Aliruka, akaruka tena, akaruka tena, haikuwezekana. Kwa upande wa kamba yeye ndiye alipata poen nyingi kupita wote, 96.1. Alimaliza wa ine, inje ya medali. Watu wengi duniani walikasirika, wengine wakajibu kwamba mchezo ni mchezo, hata basketi haishushi chuma kwa wafupi. Lakini kwa basketi chuma kinajulikana urefu wake miaka yote. Kwa bloku, ukuta unajengwa upya kwa kila konkuru, na ule anayejenga anawajua wachezaji.

Kwa hiyo, ukimfunga juji mikono na kanuni nzuri, nguvu haitoki kwenye nyumba. Inahama tu. Inaenda kwa ule aliyeandika kanuni na kwa ule aliyejenga ukuta. Tofauti ni kwamba hawa wawili wanafanya kazi yao mbele ya konkuru kuanza, na unaweza kuwauliza maswali mapema, hakuna aliyelia bado. Juji wa macho, unamuuliza wakati mambo yameharibika.

Kuna kijana alituandikia: "Batoto ba Kasulo batashinda bote, bo banajua kushuka na kupanda mashimo." Nilicheka kidogo, kiisha nikaacha. Ni kweli, Kasulo watu wanashuka chini na mikono na miguu, wanaiweka kwenye matundu waliyochimba pembeni mwa shimo, na hakuna godoro pale chini. Wengine hawakupanda tena. Nguvu ya mikono ipo, hakuna wa kubisha. Lakini mchezo huu unataka ukuta wa kujifunzia, na viatu, na mtu wa kukuonyesha kwamba ukiondoka vibaya kwenye kishikio cha kwanza unapoteza hata kama ulifika juu. Kwa Tokyo, Afrika iliwakilishwa na Christopher Cosser na Erin Sterkenburg. Kwa Paris, Mel Janse van Rensburg, Lauren Mukheibir, Joshua Bruyns na Aniya Holder. Wote sita ni wa Afrika ya Kusini, fasi ambako kuta ziko. Kwa Los Angeles, mwaka 2028, bloku itapewa medali yake peke yake kwa mara ya kwanza, haitachanganywa tena na kamba wala mbio. Ule ambaye hana kamba ndefu na ukuta wa metre 15 ana mlango mdogo zaidi wa kupitia. Ukuta wa metre ine na godoro si kitu kisichowezekana kwa mji unaotoa shaba na kobalti kama Kolwezi. Lakini hilo ni la wakubwa wa Dilala na Manika na wa jimbo, na siku ingine tutalizungumza nao kwenye mikro.

Mwaka huu wale watu wa konkuru ya kucheza wamenipigia tena simu. Niliomba karatasi: tunahesabu nini, poen ngapi kwa kila kitu, nani anacheza wa kwanza na kwa nini, na mzazi asiyekubali anaenda kwa nani. Walisema watanitumia. Walinitumia ukurasa moja, umeandikwa na mkono. Kuna fasi ya miguu, poen 10; fasi ya kufuata muziki, poen 10; na chini yake fasi ya "uzuri wa jumla", poen 30. Nimewarudishia, nimewaomba waniambie ile 30 ni ya nini. Mpaka leo ninangoja jibu.