Mabroo wa Subaru Matongo, rudisheni ekzosi orijino!

Wadau, kuna mabroo Matongo wameshika hela za dhahabu, wakavuta Subaru Impreza za miaka ya 90, aina ile ile aliyoshindia Colin McRae Safari Rally 1997. Kitu cha kwanza? Kung'oa ekzosi orijino, kufunga bomba tupu. Saa nane usiku pa-pa-pa, watoto wa watu wanashtuka! Jamani, ule mngurumo wa Impreza unatokana na mabomba ya kiwandani yasiyolingana urefu pale kwenye injini, sio kelele za bati. Na fundi kaondoka na masega, ndani yake kuna platinamu. Mtu anayejua bei ya gramu ya dhahabu kichwani anagawa madini bure, tena anachekelea! Rudisheni ya kiwandani, hata ya mtumba, ila kagueni kwanza kama masega yamo.