Mashine ya fundi wa mtaani ikaguliwe kabla ya rangi

MSIMU wa mavuno unapokaribia, karakana za kuchomelea vyuma katika miji na vituo vidogo vya biashara hujaa oda. Huyu anataka mashine ya kupukuchua mahindi, yule mkokoteni wa ng'ombe, mwingine mashine ya kukuna mihogo au fremu ya kufungia injini ya kukoboa mpunga. Fundi anapokea malipo ya awali, anakwenda kununua engo, flati na mabomba, na baada ya wiki mbili au tatu mteja anaitwa aje achukue mali yake, imepakwa rangi ya bluu au nyekundu na inang'aa.

Ni rangi hiyo ndiyo inayomponza mkulima. Chini yake ndiko kuliko na kile alichokilipia, yaani viungo vya chuma kwa chuma, na mara nyingi hakuna mtu aliyemwonyesha viungo hivyo kabla havijafunikwa.

Tukumbuke tulikotoka. Zamani zana za mkulima zilitengenezwa na viwanda vya umma, kama UFI cha Ubungo, Dar es Salaam, na Zana za Kilimo (ZZK) cha Mbeya. Viwanda hivyo vilipodorora na kubinafsishwa, pengo lilizibwa na bidhaa za kutoka nje pamoja na fundi wa mtaani. Hata matrekta madogo ya mkono yaliyoingizwa kwa wingi baada ya kuzinduliwa kwa Kilimo Kwanza mwaka 2009 yalitufundisha jambo hilohilo: kifaa kikivunjika shambani, anayekirudisha kazini ni fundi aliye karibu, mwenye mashine ya kuchomelea na grenda. Kwa hiyo ubora wa mchomeleo wa huyo fundi ni suala la uchumi wa kilimo kama ulivyo ubora wa mbegu, ingawa wadau wa mbegu hufanya semina kila mwaka na wadau wa mchomeleo hawafanyi.

Fundi anajifunzia wapi? Wachache wamepita VETA. Wengi wamejifunza kwa kumsaidia fundi mkubwa, na hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Kuchomelea ni kazi ya mkono na jicho, kama kushona au kufinyanga. Mkono hauzoei ila kwa kurudiarudia, na kila marudio yanakula vijiti vya kuchomelea, umeme na vipande vya chuma. Vijiti vinanunuliwa. Chuma chakavu nacho siku hizi kina bei, kwa sababu wapo wanaokikusanya kwa kilo kwa ajili ya viwanda vya kuyeyusha nondo. Mwenye karakana ambaye faida yake ni ndogo hamwachii kijana achome vijiti 20 kwa siku kwenye vipande visivyouzwa. Anamwambia asubiri kazi ya mteja. Matokeo yake ni kwamba mazoezi ya kijana yanafanyikia kwenye mkokoteni wako, na gharama ya mafunzo unailipa wewe bila kuambiwa.

Tuangalie hesabu. Tuseme mfanyabiashara mdogo ananunua mashine ya kupukuchua kwa Sh1,500,000 kwa fundi wa bei nafuu, wakati fundi mwingine alitaka Sh1,900,000. Kwa kuanzia ameokoa Sh400,000. Tuseme tena anatoza Sh2,000 kwa gunia, anapukuchua magunia 60 kwa siku, na nusu ya mapato inakwenda kwenye mafuta na vibarua. Kinachobaki ni Sh60,000 kwa siku. Mashine ikikatika mara mbili katika msimu, kila mara ikalala siku nne ikisubiri fundi, amepoteza Sh480,000 kabla hajalipia matengenezo. Zile Sh400,000 zimekwisha na deni juu. Na wateja waliomsubiri siku ya pili wamekwishahamia kwa jirani, wala msimu ujao hawana sababu ya kurudi. Weka bei za kwenu mahali pa hizi zangu. Mara nyingi utaona kwamba kinachoumiza ni siku za kulala kuliko bei ya kununulia.

Kwa nini inakatika? Mchomeleo mzuri ni ule ambao vyuma vyote viwili vimeyeyuka na kushikana hadi ndani. Mchomeleo mbaya unaweza kuwa mzuri wa sura: chuma cha kijiti kimelala juu kama uji uliomwagika juu ya meza, kikaganda bila kushika chini. Hilo hutokea moto ukiwa mdogo. Kijiti cha milimita 2.5 kwa kawaida kinahitaji kama ampea 60 hadi 100, na kile cha milimita 3.2 kama 90 hadi 140, kutegemea aina ya kijiti na unene wa chuma. Umeme ukiwa dhaifu, kama unavyokuwa jioni katika vituo vingi vilivyo mbali na transfoma, fundi anaendelea kuchomelea kwa sababu ameahidi kazi kesho. Kijiti kilichopata unyevu nacho huacha vitundu ndani ya kiungo. Mashine ya kupukuchua inatetemeka mchana kutwa. Ufa unaanzia pembeni mwa mchomeleo, unatambaa, halafu siku moja pao la kwenye ngoma linang'oka. Pao hilo linazunguka kwa kasi kubwa, na likichomoka hakuna ajuaye litampiga nani.

Kuna kosa jingine ambalo ningependa mafundi wenyewe waliseme waziwazi zaidi. Springi za magari ni chuma kigumu, na ndiyo maana hupendwa kwa kutengenezea visu vya mashine na midomo ya plau. Lakini chuma cha namna hiyo, kikichomelewa kikiwa baridi kisha kikamwagiwa maji ili kazi iende haraka, huwa kama kioo pembeni mwa mchomeleo. Kinatakiwa kipashwe moto kwanza na kiachwe kipoe taratibu, hata kwa kukifukia kwenye majivu au mchanga mkavu. Ndoo ya maji iliyo pembeni ya fundi inaweza kukueleza mengi kuhusu plau utakayoinunua.

Sasa mkulima asiyejua kuchomelea atakagua nini? Wapo mafundi ambao siku hizi humwonyesha mteja picha za kazi zao za karibuni kwenye simu. Ni jambo jema, lakini picha inaonyesha sura ya mchomeleo tu, na sura ndiyo hiyo tuliyoona kwamba inaweza kudanganya. Ulizia kazi ambayo imemaliza msimu mmoja, na kijiji iliko. Fundi anayejiamini atakutajia. Ukifika huko usimuulize mwenye mashine kama ameridhika, maana wengi huona aibu kusema wamepunjwa. Muulize imechomelewa upya mara ngapi, na mwombe akuonyeshe wapi.

Njia ya pili ni kipande cha mazoezi. Katika vyuo vya ufundi wanafunzi hupewa flati mbili, moja ikasimamishwa juu ya nyingine kama herufi T iliyopinduliwa, na kuchomelewa upande mmoja tu. Kikipoa, kinabanwa kwenye jiliwa na kupigwa nyundo kutoka upande usio na mchomeleo hadi kilale au kikatike. Kikikatika, unatazama kona ya ndani: kama ukingo wa flati bado umenyooka na kung'aa kama ulivyotoka dukani, moto haukufika. Kama kona imeyeyuka na kushikana, moto umefika. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote cha maabara. Mteja anayeleta oda ya zaidi ya milioni moja ana haki ya kuomba kipande kama hicho, kikichomelewa mbele yake na kijana yuleyule atakayeifanya kazi yake.

Kwa mashine ya kupukuchua, ongeza jambo moja. Kabla mkanda haujafungwa, zungusha ngoma kwa mkono na uiache isimame yenyewe. Fanya hivyo mara tano au sita. Ikisimama upande uleule chini kila mara, upande huo ni mzito; itatetemeka na kula beringi kabla ya mwezi kwisha. Fundi ataongeza kipande cha chuma upande wa pili, kazi ya nusu saa. Ukishaipeleka kijijini, nusu saa hiyo inageuka kuwa nauli ya lori kwenda na kurudi.

Haya yote yanawezekana kama yameandikwa kwenye makubaliano. Desturi yetu ni kulipa nusu mwanzoni na nusu siku ya kuchukua. Nashauri iwe theluthi tatu: ya kwanza kwa ajili ya vifaa, ya pili baada ya kuiona mashine ikiwa bado haijapakwa rangi, na ya tatu baada ya kupukuchua magunia mawili matatu ya mahindi yako mwenyewe. Fundi mzuri hapotezi kitu hapo. Anayepoteza ni yule aliyekuwa akitegemea rangi.

Lakini tusimtwishe mkulima mzigo wote wa ukaguzi. Upande wa mafundi nako kuna tabia ya kufichana. Fundi akibuni mashine nzuri, jirani anaipima kwa tepu usiku na kuinakili, akikosea milimita chache hapa na pale. Wa tatu ananakili nakala. Mwishowe mashine kumi za mtaa mmoja zinafanana kwa mbali, lakini chujio la moja halikai kwenye nyingine, na mwenye mashine amefungwa kwa fundi aliyemtengenezea. Anayeficha mchoro anadhani analinda soko lake. Kwa hesabu ya kiuchumi, mara nyingi analipunguza, kwa sababu mnunuzi anaogopa mashine ambayo vipuri vyake vinapatikana kwa mtu mmoja tu.

Upo mfano wa kinyume chake, ingawa unatoka mbali. Katika nchi za Amerika ya Kati, kuanzia Honduras mwaka 1983, mradi wa Postcosecha uliofadhiliwa na Uswisi uliwafundisha mafundi bati wa vijijini kutengeneza maghala madogo ya bati ya kuhifadhia nafaka, wote kwa vipimo na njia zilezile. Mafundi hawakuuana kwa ushindani. Yalitengenezwa mamia ya maelfu ya maghala, na biashara ikaendelea baada ya mfadhili kuondoka. Mwaka 2008 utaalamu kama huo ulianza kuenezwa Kenya na Malawi kupitia kituo cha utafiti wa mahindi na ngano cha CIMMYT. Ghala hilo hulehemiwa badala ya kuchomelewa, lakini somo ni lilelile, maana tundu dogo kama la sindano kwenye kiungo linatosha kuwapa wadudu hewa, na mahindi yakaharibika ndani ya chombo cha gharama. Pale mafundi walipofundishwa pamoja, mmoja aliweza kukagua kazi ya mwenzake.

Hapa kwetu SIDO ina ofisi katika mikoa, CAMARTEC na TEMDO zipo Arusha na kazi yao ni teknolojia, na VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mitaani. Ninachokiona kinakosekana ni fedha ndogo sana za mazoezi. Pakiti ya kilo mbili na nusu ya vijiti vya milimita 2.5 ina vijiti zaidi ya 100. Chama cha ushirika cha msingi chenye wanachama 200 kinaweza kumnunulia fundi wa kijiji pakiti chache na kilo kadhaa za flati chakavu kila mwaka kabla ya msimu, kwa sharti kwamba vijana wake wachomelee vipande vya majaribio na kuvivunja hadharani siku ya mkutano. Gharama yake kwa kila mwanachama haifikii bei ya debe moja la mahindi. Na wanachama watajua ni kijana gani wa kumpelekea plau na yupi aendelee na mageti.

Maonyesho ya Nane Nane nayo yangeweza kusaidia zaidi. Huko Nzuguni, Themi na kwenye viwanja vingine, mashine za mafundi husimamishwa kwenye mabanda zikiwa zimepakwa rangi mpya, na wageni huzitazama kama wanavyotazama ng'ombe wa maonyesho. Waandaaji waweke eneo moja lenye umeme, magunia ya mahindi yenye magunzi yake na nyundo nzito, na kila fundi apewe saa moja ya kufanya kazi mbele ya watu. Mkulima anayekwenda Agosti ijayo asisubiri waandaaji. Achukue debe lake la mahindi na aombe lipukuchuliwe hapohapo bandani.