UJIRA ULIOCHELEWA NA RELI ILIYODHOOFU



Huenda mwananchi wa Unguja au Pemba akastaajabu kuliona gazeti letu hili dogo likizungumza habari za Makambako, mji wa bara ulio mbali na bahari yetu. Na asistaajabu. Reli ya Tazara ipitayo hapo ni mali ya Jamhuri mbili, ya Tanzania na ya Zambia, na sisi wa visiwani tumo katika moja ya Jamhuri hizo. Hasara yake haiwezi kuwa ya ndugu zetu wa Njombe peke yao.

Reli hiyo ilijengwa baina ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 tangu Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilikusudiwa kuchukua mamilioni ya tani za mizigo kila mwaka. Mwaka wa 1986 ilichukua kiasi cha tani milioni 1.2. Mwaka wa 2014/15 haikutimiza hata tani laki moja.

Wakubwa waulizwapo sababu, hutaja injini mbovu, malori ya barabarani, na njia za kusini zilizofunguka baada ya kuanguka siasa ya ubaguzi ya Afrika Kusini. Hatukatai, yote hayo ni kweli. Lakini iko sababu nyingine itajwayo kwa sauti ndogo, nayo ni namna watumishi walivyotunzwa. Baina ya 2013 na 2015 wafanyakazi waligoma zaidi ya mara moja, wakidai mishahara ya miezi iliyokwisha kupita. Dereva aliweka chini kazi yake, na fundi vile vile. Na kwa kuwa reli ni ya njia moja, treni moja ikisimama, nyingine hungoja nyuma yake. Mwenye shaba hakungoja. Alikodi malori, na aliyekwisha kuyazoea malori si rahisi kumrejesha. Mizigo ikapungua, fedha zikapungua, mishahara ikazidi kuchelewa.

Wapo wasemao kwamba mshahara mzuri hufuata faida. Sisi twasema wamelitanguliza gari mbele ya punda. Faida haiji yenyewe. Huletwa na mikono ya watu, na mkono uliodhulumiwa hauna bidii.

Wala ujuzi haukukosekana. Tazara ina chuo chake cha mafunzo huko Mpika, Zambia. Lakini yafaa nini kumfundisha mtu kazi, kisha kumwacha na njaa mpaka aupeleke ujuzi wake penginepo? Hiyo ni sawa na kuchota maji kwa pakacha.

Si mbali na Makambako kipo Kidugala, penye seminari ya Walutheri. Injili isomwayo huko yafundisha kwamba mtenda kazi astahili ujira wake. Nasi visiwani twafundishwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, tumlipe mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka. Dini mbili zimekubaliana. Ni mabwana wa mashirika tu wasiosikia.

Mnamo Septemba 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30, ambao kwao shirika la Kichina litaitengeneza na kuiendesha reli hiyo kwa gharama ya kiasi cha dola bilioni 1.4. Injini mpya ni jambo jema. Lakini twauliza: Watumishi watachaguliwa kwa ujuzi au kwa kujuana? Watalipwa tarehe gani? Nani atawasikiliza walalamikapo? Kijana wa Kidugala aliyesoma atapandishwa cheo, au atabaki kubeba mizigo ya wengine kwa miaka 30? Masharti hayo na yawekwe wazi mbele ya wananchi, kama ilivyowekwa wazi hesabu ya dola.

Na tusiwatazame wa bara tukajisahau. Twayataka hayo hayo katika mashirika ya Serikali yetu hapa Visiwani: kazi itolewe kwa cheti cha elimu, si kwa kadi ya chama, mshahara ulipwe kwa siku yake, na mtumishi asemaye kweli asihamishwe kwa sababu ya ukweli wake. Shirika liyatimizalo hayo laweza kushindwa kwa sababu nyingine. Lisiloyatimiza halina haja ya adui.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.