Ua Ndani ya Kopo

Hapa Buleusa hatuna majira ya baridi kama Ulaya, lakini siku za mvua na mawingu, ua la nyumbani linakunywa maji kidogo.

Mama mmoja wa kanisa letu aliachiwa ua na mtoto wake aliyekwenda machimboni. Kila asubuhi alilimwagilia, kwa upendo. Majani yakageuka manjano, akaongeza maji. Tulipoling'oa, mizizi ilikuwa imeoza: kopo halikuwa na tundu, mizizi ikakosa hewa.

Toboeni kopo chini kwa msumari. Ingizeni kidole, udongo ukiwa bado na maji, acheni. Tulikata tawi lililobaki zima, tukalipanda upya. Limeshika. Mama anamngojea mtoto.

Someni Mithali 25:16. Hata asali ina kipimo.