Kufuli Juu ya Barafu

Ndugu msomaji, wewe unayeujua wepesi wa bahasha ya mshahara ifikapo tarehe kumi na tano, huenda ukacheka nikikuomba uwafikirie watu wanaolipwa mamilioni ya dola kwa kuteleza juu ya barafu na kukimbiza kisahani cha mpira kwa magongo. Hata hivyo nisikilize.

Tarehe 16 Septemba 2004, wenye timu 30 za NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada, waliwafungia wachezaji wao milango. Tafadhali angalia neno hilo. Mgomo ni mfanyakazi kuziweka chini zana zake. Hapa mwajiri ndiye aliyetia kufuli, akangoja njaa ifanye kazi yake. Sisi washabiki huita yote mawili mgomo, na kwa kufanya hivyo tumekwisha kuhukumu kabla ya kusikiliza.

Wenye timu walitaka mishahara iwekewe kikomo. Chama cha wachezaji kilikataa katakata, kisha kikalegea. Mwishowe waajiri walisema dola milioni 42.5 kwa kila timu. Chama kikasema milioni 49. Kwa pengo hilo, tarehe 16 Februari 2005, Kamishna Gary Bettman aliufuta msimu mzima, michezo 1,230. Mamia ya wachezaji walikwenda kucheza Ulaya. Muuza soseji, mfagiaji na mkata tiketi wa uwanjani hawakuwa na Ulaya ya kwenda.

Mapatano yalipopatikana Julai, kikomo kilikuwa milioni 39, pungufu ya kile kilichokataliwa Februari! Na mikataba iliyokuwapo ikakatwa asilimia 24.

Naungama kwamba moyo wangu huelemea upande wa wachezaji. Mwaka 1957 Ted Lindsay, nyota wa Detroit, alithubutu kuwakusanya wenzake waunde chama. Akahamishiwa Chicago, timu iliyokuwa ikishika mkia. Lakini chama kiliposimama mwaka 1967, kiongozi wake, Alan Eagleson, ndiye aliyekuja kukiri ulaghai mahakamani mwaka 1998 na kutiwa gerezani. Basi mshabiki amwamini nani?

Milango ilipofunguliwa Oktoba 2005, maneno ya kutushukuru sisi washabiki yalikuwa yamechorwa juu ya barafu. Rangi tu, wala hakuna aliyetuuliza tulipokuwa tumefungiwa nje. Nasi tukavijaza viwanja kupita hapo awali. Mwaka 2012 kufuli likarudi, na hadi lilipofunguliwa Januari 2013 kila timu ilibakiwa na michezo 48. Tukarudi tena, mimi nikiwa miongoni mwao. Juu ya Kombe la Stanley, mahali pa jina la bingwa, pamechongwa kwamba msimu wa 2004-05 haukuchezwa.