Goti Liumalo na Mshipa Uzibwao



Majuma haya tumeulizwa mara nyingi juu ya tiba ya goti isiyo ya kisu, ile ya kuziba mishipa ya damu. Wanaouliza aghalabu ni watoto wa mzazi asiyeweza tena kusujudu, aswaliye juu ya kiti, na ambaye vidonge vya maumivu vimeanza kumchoma tumbo. Suala ni zito, kwani zipo nyumba zinazotaja kuuza kiwanja ili mzazi asafirishwe ng'ambo.

Goti linapochakaa, gegedu husagika na utando wa ndani wa kiungo huvimba. Uvimbe huo huchipuza mishipa midogo ya damu isiyokuwapo awali, nayo huandamana na nyuzi za fahamu zipelekazo maumivu. Dakta Yuji Okuno wa Japani na wenzake walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuona kwamba mishipa hiyo ikizibwa, maumivu huenda yakapungua. Daktari hutia ganzi, hutoboa tundu dogo kwenye kinena, hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa hadi gotini huku akiutazama kwa eksirei, kisha humimina chembe ndogo mno za kuziba. Mgonjwa huwa macho, na mara nyingi hulala kwake usiku huohuo. Njia yenyewe ya kuingia mshipani kwa sindano na waya si ngeni; aliieleza Sven-Ivar Seldinger wa Uswidi mwaka 1953, na madaktari wa moyo wameizoea.

Lakini gegedu iliyokwisha hairudi. Na je, maumivu huondoka kweli? Utafiti mdogo wa Marekani, wa watu 21, uliipa tiba hii ushindi. Kisha Rotterdam, Uholanzi, wagonjwa 58 waligawanywa: baadhi wakazibwa mishipa, wengine wakafanyiwa kila kitu isipokuwa kuzibwa, wasijue. Baada ya miezi 4 makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti baina yao haikuwa ya kutegemewa. Hatusemi kwamba tiba hii ni ulaghai. Twasema haijafikia thamani ya kiwanja. Goti ambalo mfupa umeshagusana na mfupa ndilo linalonufaika kwa uchache zaidi, na kwa bahati mbaya ndilo la wengi wa wazee wetu.

Kilo moja ikipungua mwilini, goti hupunguziwa mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Misuli ya paja nayo huimarishwa nyumbani, kwa kuketi kitini na kunyoosha mguu polepole. (Mahamri ya asubuhi tutayazungumza siku nyingine.)

Atakayeamua kwenda, na ana kisukari au presha, aombe figo zipimwe kwanza, kwa kuwa dawa itiwayo mshipani ili picha ionekane huweza kuzidhuru figo zilizo dhaifu.