Rangi nyeusi haitoshi kumtambua nyigu

Rangi pekee itakupotosha: nyigu vimelea wa bustanini wengi ni weusi na hawafiki hata nusu sentimita. Kiuno chembamba na vipapasio virefu vitakuonyesha kuwa ni nyigu, si nzi. Kisha, ili kukisia ni nyigu yupi, geuza jani la kabichi. Ukikuta kifuko kidogo cheupe cha hariri kando ya kiwavi anayekufa, huenda ni Cotesia vestalis. Kifuko cha kahawia kikiwa ndani ya utando aliojisukia kiwavi wa nondo mgongo-almasi mwenyewe, mshuku Diadegma semiclausum. Huyu wa pili aliletwa Kenya kutoka Taiwan na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, akaachiliwa katika milima ya Taita mwaka 2002 ili apunguze viwavi hao kwenye kabichi na sukuma wiki.

Jina la uhakika hutoka kwenye hadubini. Tia kifuko katika chupa, funika kwa kitambaa chepesi, usubiri nyigu atoke, kisha umpelekee mtaalamu wa wadudu. Na kabla ya kupuliza dawa, kumbuka nyingi humuua nyigu huyu pia.